Sahani moja, glasi mbili: shajara ya mradi wa bia, mvinyo na chakula cha nyumbani

Januari, wiki ya kwanza. Utaratibu

Swali la mradi huu ni moja: chakula cha nyumbani, kile cha sufuria moja kinachopikwa ili watu washibe na watulie, kinywewe na nini? Miongozo mingi ya kuoanisha mvinyo na chakula inazungumzia sahani za mgahawani, zenye kipande kidogo cha nyama na mchuzi wa kupaka tu. Nyumbani mchuzi ndio mwingi, viazi vimelowa siagi, na jibini linavutika hadi kwenye uma. Bia nayo hutajwa mwishoni kabisa, kana kwamba kazi yake ni kukata kiu tu. Hapa inakaa mezani kwa haki sawa na mvinyo.

Kila sahani inapata glasi mbili, moja ya bia na moja ya mvinyo, kiasi cha mililita 60 kila moja. Hayo ni mafunda manne hivi, yanatosha kuonja na kurudia, na mtu anabaki na akili timamu ya kuandika. Tunaonja kinywaji kwanza bila chakula, tunakula, kisha tunarudi kwenye glasi ladha ya chakula ikiwa bado mdomoni. Funda hilo la pili ndilo linaloandikwa. Katikati kuna maji na mkate mtupu.

Waonjaji wa kudumu ni mume wangu, shemeji yangu ambaye ni mtu wa bia tangu zamani, na wifi yangu ambaye hanywi pombe kabisa. Yeye anaonja chakula na kuandika, na ana sehemu yake mahususi huko mbele. Sharti ni kuandika kabla ya kusema. Mtu mmoja akishatamka "hii tamu!" ndimi za wengine zinamfuata.

Jedwali lina safu za mafuta, chumvi, uchachu, utamu, pilipili, na jinsi chakula kilivyopata rangi ya kahawia motoni. Nimeweka pia safu ya aina ya nyama, kwa sababu kila mtu huanzia hapo: nyama nyekundu na mvinyo mwekundu, samaki na mvinyo mweupe. Nataka kuona kama inastahili kubaki.

Januari, bado wiki hiyo. Joto la chupa

Hili limalizwe mapema maana linaharibu majaribio mengine yote likiachwa. Friji ya nyumbani hukaa karibu nyuzi 4, na hiyo ni baridi mno kwa takriban kila kitu isipokuwa laga nyepesi. Baridi hufunga harufu na kupunguza utamu, huku uchungu na ukakasi vikibaki vimesimama. Tumekubaliana: laga na pilsna (laga nyepesi yenye uchungu) nyuzi 4 hadi 7, bia za ngano na za kahawia 8 hadi 12, stauti (bia nyeusi) mpaka 13. Mvinyo mweupe mwepesi 7 hadi 10, mweupe mzito 10 hadi 13, mwekundu mwepesi 12 hadi 14, mwekundu mzito 16 hadi 18. Chupa nyeupe inatoka frijini robo saa kabla ya kula. Nyekundu inaingia frijini nusu saa kabla ya kula, na hilo watu hulikataa mpaka waonje. Mvinyo mwekundu ukiwa na joto la chumba chenye nyuzi 26, pombe ndiyo inayotangulia puani na matunda yanapotea.

Januari, wiki ya pili. Ndimu, chumvi, sukari

Kabla ya kupika chochote, tulifanya jaribio wanalofanyishwa wanafunzi wa mvinyo: unaonja, unalamba kitu, unaonja tena. Tulitumia Cabernet Sauvignon wa kawaida, mvinyo mwekundu wenye tanini nyingi (vitu vya ngozi na mbegu za zabibu vinavyoleta ukakasi), na pilsna yenye uchungu wa kutosha wa hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu.

Chumvi kwanza. Punje chache ulimini, kisha mvinyo. Ukakasi ulipungua palepale na matunda yakajitokeza. Pilsna ilibadilika zaidi, hata shemeji akavunja sharti la kuandika kabla ya kusema: "Shemeji, hii bia imekuwa tamu ghafla. Umeweka kitu?" Sikuwa nimeweka kitu. Chumvi huzima uchungu ulimini, na uchungu ukirudi nyuma, utamu wa kimea (nafaka iliyooteshwa na kukaushwa) uliokuwa umefichwa nyuma yake unaonekana.

Ndimu ilifanya mvinyo uonekane laini, karibu mtamu, kwa kuwa ulimi ulishazoea uchachu mkali kuliko ule uliomo kwenye glasi. Sukari ikafanya kinyume kabisa. Baada ya nusu kijiko cha sukari, mvinyo uleule ulikuwa mwembamba, mkali, wenye ukakasi ule wa ndizi mbichi unaokaza mashavu.

Huo ukakasi si ladha hasa, ni mguso. Tanini hushikana na protini zilizomo kwenye mate, mate yanapoteza utelezi wake, na ulimi unasuguana na kaakaa. Ndiyo maana chakula chenye protini na mafuta huutuliza: tanini inapata kitu kingine cha kushika. Nimeiandika sentensi hiyo juu kabisa ya jedwali, na nitaihitaji kwenye mchuzi wa nyama.

Kama mtu atafanya jambo moja tu katika haya yote, na afanye hili. Linachukua muda mfupi, na baada yake mtu hahitaji kukariri orodha ya nini kinaenda na nini.

Januari, mwishoni. Kuku wa oveni na viazi vya kuponda

Kuku mzima, kapakwa chumvi usiku uliotangulia na kuachwa frijini bila kufunikwa ili ngozi ikauke. Ngozi kavu hupata rangi haraka. Ngozi yenye maji hutumia moto wote kukausha maji hayo kwanza. Hiyo rangi ya kahawia ni kazi ya mmenyuko wa Maillard, ulioelezwa na mkemia Mfaransa Louis-Camille Maillard mwaka 1912: protini na sukari zikikutana kwenye joto, hasa kuanzia nyuzi 140 hivi, huzaa harufu chungu nzima za kuokwa. Kimea cha bia hukaushwa na kuokwa kwa njia hiyohiyo, na hapo ndipo bia inaposhika mkono wa chakula cha oveni bila kutafutiwa sababu. Ngozi ya kuku na bia ya kahawia zina undugu wa kweli.

Lakini jaribio lenyewe halikuwa la kuku. Nilimkata katikati na kutengeneza michuzi miwili. Mmoja ulikuwa wa maji yake mwenyewe yaliyodondoka kwenye trei, ndimu na majani ya thaimu. Mwingine ulikuwa wa uyoga uliokaangwa mpaka ukawa wa kahawia, ukamaliziwa kwa krimu. Kuku yuleyule, oveni ileile, viazi vilevile. Mezani kulikuwa na mivinyo miwili myeupe, Sauvignon Blanc na Chardonnay iliyokaa kwenye pipa, pamoja na pilsna na bia ya kahawia.

Kwenye mchuzi wa ndimu, Sauvignon Blanc ilikaa vizuri kwa kuwa uchachu wake ulilingana na wa ndimu, na pilsna ilikata siagi ya viazi kila funda. Chardonnay ilionekana imelegea, kama vile mtu ameichanganya na maji. Tukabadilisha sahani, tukaenda kwenye uyoga na krimu, na mambo yakageuka. Chardonnay ilisimama, ikanukia siagi na karanga. Sauvignon Blanc ikabaki peke yake na ukali wake, na pilsna ikazimwa na krimu. Bia ya kahawia ilifaa kote kuwili, ila kwenye uyoga ilifaa zaidi.

Harufu ya siagi katika Chardonnay ina chanzo chake. Baada ya uchachushaji wa kwanza, watengenezaji wengi huruhusu bakteria kugeuza asidi ya maliki, ile kali ya tofaa bichi, iwe asidi ya laktiki iliyo laini kama ya maziwa. Njiani hutokea diasetili, na hiyo ndiyo inayonukia siagi. Kwa hiyo ukiipa krimu, unaipa kitu cha nyumbani kwao.

Sote watatu tulioonja glasi tuliandika jambo lilelile kwa maneno tofauti: kilichoamua ni mchuzi. Nimeisogeza safu ya nyama hadi mwisho wa jedwali na kuipunguza upana. Mahali pake pa kwanza pamechukuliwa na safu mpya, "kinachopaka ulimi".

Februari. Makaroni na jibini

Jibini lililoyeyuka lina mafuta, chumvi na protini kwa pamoja, na linapaka mdomo mzima. Tulianza na mvinyo mwekundu mzito kwa sababu imani ya kwamba jibini linahitaji mvinyo mwekundu imeenea kila mahali. Kwa jibini gumu lililokomaa, sawa. Kwa jibini lililoyeyuka kwenye maziwa na unga, siikubali tena. Mafuta yalifunika matunda ya mvinyo, kukabaki pombe na ladha ya mbao.

Kinachohitajika hapa ni kitu cha kuparua. Mvinyo huparua kwa asidi, bia huparua kwa gesi na uchungu. Laga ya kawaida hubeba karibu gramu 5 za kaboni dayoksaidi kwa kila lita, na gesi hiyo ikiyeyuka kwenye mate hugeuka kuwa asidi hafifu, mbali na mchomo wa mapovu yenyewe. Riesling mkavu, yaani mvinyo mweupe usio na utamu, na pilsna vilitoka sare. Mume wangu alimaliza sahani na pilsna, mimi na Riesling, na hakuna aliyetamani glasi ya mwenzake.

Waswisi wanalijua hili kwenye sufuria yenyewe. Fondue yao ya jibini hupikwa kwa mvinyo mweupe mkali, na asidi ya tataliki iliyomo huzuia protini za jibini zisigande kuwa uzi mmoja mgumu. Nilichukua funzo hilo: kijiko kimoja cha mvinyo uleule wa mezani ndani ya mchuzi wa jibini, kabla ya kutia makaroni. Mchuzi ulitoka mlaini, na sahani na glasi zikawa na ladha moja inayoziunganisha. Hii imeingia kwenye jedwali kama kanuni ya jikoni, si ya mezani tu.

Februari, wiki ya mwisho. Mchuzi wa nyama ya ng'ombe, sufuria mbili

Nilikuwa naingoja wiki hii. Hapa bia na mvinyo vinaingia kwenye chakula chenyewe, kila kimoja kwa mila yake: Wafaransa wa Burgundy hupika nyama ya ng'ombe kwa mvinyo wao mwekundu na kuiita boeuf bourguignon, na Wabelgiji wa Flanders huipika kwa bia ya kahawia, vitunguu vingi, na kipande cha mkate kilichopakwa haradali ambacho huyeyuka na kuupa mchuzi uzito. Nimezipika zote mbili siku moja, nyama ya muundi kutoka kipande kimoja, moto mdogo, saa mbili na nusu.

Hatua ya kwanza ni moja kwa sufuria zote. Nyama ikaushwe kwa kitambaa, ikaangwe kidogokidogo bila kujazana mpaka ishike rangi, kisha itolewe. Chini ya sufuria kunabaki ukoko mweusimweusi ulioganda. Ukimwaga kinywaji, sufuria inapiga kelele, mvuke unapanda, na kwa mwiko wa mbao ukoko unaachia na kuyeyuka. Nilisimama hapo nikinusa zote mbili. Ya mvinyo ilitoa mvuke mkali wa uchachu unaowasha pua. Ya bia ilinukia mkate ulioungua pembeni.

Muundi una kolajeni nyingi, ile protini ngumu inayoshikilia nyama, ndiyo maana ni mgumu ukiupika haraka na mlaini ukiuvumilia. Kwa muda mrefu juu ya nyuzi 70 hivi, kolajeni hugeuka jelatini, na mchuzi unapata ule mnato unaogandisha midomo. Hapa ndipo sentensi yangu ya juu ya jedwali ilipolipa. Watengenezaji wa mvinyo hutumia jelatini na ute wa yai kusafishia mvinyo wenye tanini kali: protini hushika tanini, zinazama pamoja, na mvinyo unabaki laini. Mchuzi wa muundi unafanya jambo hilohilo mdomoni. Cabernet Sauvignon ileile ya jaribio la sukari, ambayo peke yake ilikaza mashavu, kwenye funda la pili baada ya mchuzi huu ilikuwa laini kabisa. Nimeonja mara nyingi kuliko ilivyolazimu kwa ajili ya kuhakikisha hilo.

Tulivuka pia: mchuzi wa bia na mvinyo, mchuzi wa mvinyo na bia. Mchuzi wa Wabelgiji una vitunguu vilivyopikwa mpaka vikawa vitamu, na utamu huo uliifanya Cabernet iwe ngumu tena, sawasawa na sukari ya Januari. Bia ya kahawia yenye utamu wake yenyewe haikupata shida hiyo. Upande wa pili, stauti iliufunika mchuzi wa mvinyo kwa ladha yake ya shayiri iliyookwa hadi ikawa nyeusi. Ilikuwa nzuri kuinywa, lakini mchuzi haukusikika tena. Kwa sasa jedwali linasema: kilichoingia sufuriani ndicho kiende mezani, au ndugu yake wa karibu.

Kwa makusudi nilipika pia kisufuria kidogo kwa IPA, nione kinachotokea kwa bia yenye hopsi nyingi. Mchuzi ulipopungua, maji yaliondoka na uchungu ukabaki, ukijikusanya kila dakika. Sukari haikuuficha, chumvi iliupunguza kidogo tu. Kwa kupikia, bia iwe na kimea kingi na hopsi chache. Hili naliandika bila masharti.

Wifi aliuliza swali ambalo watu wengi hulijibu kwa kubahatisha: pombe inaisha sufuriani? Haiishi yote. Pombe tupu huchemka nyuzi 78, lakini ikichanganyika na maji haiondoki mara moja. Kwa takwimu za Idara ya Kilimo ya Marekani, chakula kilichochemshwa taratibu kwa nusu saa hubaki na asilimia 35 ya pombe iliyotiwa, saa moja asilimia 25, saa mbili asilimia 10, saa mbili na nusu asilimia 5. Kwa hiyo wifi alipata sufuria yake tofauti, iliyopikwa kwa supu ya mifupa na siki kidogo. Mtu asiyekunywa asidanganywe kwamba "imeshapotea yote". Mwenye nyumba amweleze, aamue mwenyewe.

Machi. Mabaki ya chupa

Majaribio yanaacha chupa nusu. Mvinyo uliofunguliwa unafungwa kizibo na kurudi frijini, hata mwekundu, na siku tatu unanyweka. Baada ya hapo unaenda kwenye mchuzi. Bia iliyofunguliwa hainyweki kesho, gesi imeondoka, lakini ya kahawia inafaa kwa kupikia vitunguu siku inayofuata. Bia ambazo hazijafunguliwa ziwekwe gizani, hasa zenye chupa ya kijani au isiyo na rangi. Mwanga huvunja vitu vya hopsi na kuzaa harufu mbaya ya salfa ambayo haiondoki. Chupa ya kahawia huzuia sehemu kubwa ya mwanga huo.

Machi. Tambi na mchuzi wa nyanya

Fupi. Nyanya ni chachu, na kinywaji kisichofikia uchachu huo kinaonekana bapa. Mvinyo huwa na pH (kipimo cha uchachu, namba ndogo ni chachu zaidi) kati ya 3 na 4, bia nyingi huwa juu ya 4, na hapa bia ilishindwa mara ya kwanza katika mradi huu. Laga ilikuwa kama maji yenye povu. Sangiovese na Barbera, zabibu mbili za Italia zenye uchachu wa kutosha, zilikaa na nyanya kana kwamba zimekua shamba moja. Nilipoongeza jibini na nyama ya kusaga bia ilipata nafuu, lakini kwa nyanya tupu naupa mvinyo bila kusita.

Machi. Samaki wa kukaanga na chipsi

Hapa kanuni ya zamani ya samaki na mvinyo mweupe ina ukweli, ila sababu yake si rangi. Mwaka 2009 watafiti wa Japani walionyesha kwamba madini ya chuma yaliyomo kwenye mvinyo ndiyo yanayoamsha ile harufu kali ya shombo baada ya kumeza, na mivinyo myekundu mara nyingi ndiyo yenye chuma zaidi. Tulijaribu samaki mwenye mafuta na mvinyo mwekundu, na shombo ikaja sekunde chache baadaye, nyuma ya koo. Samaki mweupe aliyevikwa unga hakutusumbua hivyo.

Mafuta ya kukaangia yanataka mapovu. Pilsna na mvinyo wenye gesi vilishinda vyote kwa mbali, na siki juu ya chipsi iliupendelea mvinyo wenye gesi. Pilsna ya kwanza ilipikwa mwaka 1842 mjini Plzeň, katika Jamhuri ya Czech ya leo, na Josef Groll, na nikiwa na kipande cha samaki chenye ganda linalovunjika mdomoni, ninaelewa kwa nini mtindo huo ulienea dunia nzima.

Aprili. Mchuzi wa pilipili

Jioni yenye ubishi kuliko zote. Kapsaisini ya pilipili hugusa vipokezi vya joto ulimini, na pombe huviamsha vipokezi hivyohivyo, ndiyo maana mvinyo wa asilimia 14 juu ya pilipili unachoma mara mbili. Gesi nayo huongeza mchomo. Uchungu wa hopsi hukaa juu yake. Kwa karatasi, IPA ilipaswa kuwa ya mwisho.

Shemeji aliiweka ya kwanza. Anasema anapenda moto uwake. Simbishii ulimi wake, na jedwali sasa lina safu mbili kwa pilipili: ya anayetaka kutulizwa na ya anayetaka kuchochewa. Kwa anayetaka kutulizwa, Riesling yenye utamu kidogo na pombe ya asilimia 8 au 9 ndiyo iliyoshinda, maana utamu unapunguza makali na pombe ni ndogo. Nyuma yake ikaja bia ya ngano ya Kijerumani, yenye uchungu mdogo na harufu ya karafuu na ndizi inayotokana na hamira yake, si viungo vilivyotiwa. Karafuu hiyo iliungana na viungo vya mchuzi vizuri mno.

Aprili. Glasi ya wifi

Tangu Januari wifi ameandika kuhusu chakula chetu bila kupata glasi ya kulingana nacho, na hilo halikuwa sawa. Tulijiuliza: ikiwa kazi ya kinywaji ni kuparua, kukaza au kulainisha, kwa nini lazima iwe pombe? Bia zisizo na pombe zilitajwa, akakataa, kwa sababu nyingi zinaruhusiwa kuwa na hadi asilimia 0.5. Tukaanza upya kwa vitu vya kawaida.

Maji yenye gesi na ndimu yalifanya kazi ya pilsna kwenye makaroni na kwenye samaki, karibu yote. Juisi ya zabibu peke yake ni tamu mno, lakini ikichanganywa nusu kwa nusu na maji yenye gesi na matone ya siki, ilienda na kuku wa uyoga. Kilichonishangaza ni chai ya rangi. Chai kali isiyo na sukari ina tanini zake, na kwenye mchuzi wa muundi ilifanya kama Cabernet ilivyofanya: ukakasi wake ukalainika, mafuta yakaondoka ulimini. Tuliipoza hadi nyuzi 16 na kuimimina kwenye glasi ya mvinyo.

"Wifi," aliniambia, "sasa na mimi nina cha kuandika kwenye safu ya funda la pili."

Jedwali limepata safu ya tatu ya vinywaji, ya visivyo na pombe, na linachapishwa upya.

Mei. Vitu vitamu

Jaribio la sukari lilishatoa jibu, kilichobaki kilikuwa kuthibitisha: kinywaji kiwe kitamu kuliko chakula au kisiwe mvinyo. Keki ya chokoleti iliuangusha kila mvinyo mkavu tuliofungua. Port, mvinyo wa Ureno, ilikaa nayo kwa sababu ni tamu na ina nguvu. Stauti haina sukari ya kushindana na keki, lakini uchungu wake wa kuokwa unafanana na wa kakao, na shemeji akapata ushindi wake wa pili. Kwa pai ya tofaa bado siridhiki na chochote tulichokionja.

Mei, mwishoni. Hali ya jedwali

Safu ya aina ya nyama imefutwa. Haikubadili jibu hata kwenye sahani moja ambayo mchuzi ulikuwa umeshaandikwa. Kwa samaki wa mafuta nimeweka alama ya tahadhari pembeni, basi. Safu ya "kinachopaka ulimi" imegawanyika kuwa tatu: mafuta, jelatini, na utamu wa vitunguu au karoti. Zinaita vinywaji tofauti na nisingependa mtu azichanganye.

Vilivyobaki ni supu ya vitunguu yenye jibini juu, maharagwe yaliyopikwa usiku kucha, na mayai. Mayai yananipa mashaka kuliko vyote, kwa sababu kiini kibichi hupaka ulimi kwa namna isiyofanana na siagi wala krimu, na salfa yake hugombana na mivinyo mingi. Nitaanza na mvinyo wenye gesi na bia ya ngano. Kwa supu ya vitunguu nitarudia sufuria mbili, moja ya mvinyo mweupe na moja ya bia ya kahawia, na ya tatu ya wifi. Maharagwe yanalowekwa Ijumaa.